Fundo la Majani Mabichi

Siku ile ilianza kama siku zote za Karatu: vumbi, honi, na Simel kashika mpira wa maji anaosha Land Cruiser la watu. Chini ya kitanda chake, ndani ya sanduku, ndani ya nailoni, kulikuwa na cheti cha digrii ya uhandisi mitambo, honours na mbwembwe zote. Nchi hii ikikusomesha inakuvika joho, inakupiga picha, halafu inakwambia jiajiri. Jiajiri na nini? Na joho? Simel alikuwa amepeleka maombi ya kazi mpaka walinzi wa mageti wakamjua kwa jina, na jibu lilikuwa lile lile: tunataka mtu mwenye relevant experience. Ukiwauliza hiyo experience inauzwa duka gani, wanakutazama kama umewatukania mama zao.

"Injinia wa mapovu!" Brigita, mama mwenye nyumba, alimwita kutoka barazani huku anakanda unga wa chapati. Alikuwa Mwiraqw wa makamo, Mkatoliki wa misa ya kwanza, na ulimi wake ungeweza kuchinja mbuzi. "Kuna wazungu wanakuulizia. Umeiba nini?"

"Nimeiba digrii, mama."

"Basi warudishie. Haijakusaidia."

Wazungu hawakuja kukamata mtu. Walikuja kwa sababu ya kile kitu kilichoanguka.

Mwanzoni mwa masika, chombo cha anga cha kampuni moja ya ng'ambo kilikosa njia kikirudi duniani. Badala ya kutua jangwani kulikopangwa, kilishuka na parachuti lake jekundu kwenye miinuko ya Endulen, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, siku ambayo ukungu ulikuwa mzito hata ng'ombe hawakutolewa zizini. Helikopta zilizunguka juu hazioni kitu. Waokoaji walipokifikia, kilikuwa kimelala ubavu, mlango umebanwa na mwamba, kizima hakina hata ufa. Rubani alikuwa peke yake ndani, na alikuwa maiti. Hakuungua. Hakuvunjika. Alikosa hewa, huku nje kuna hewa nchi nzima. Ngozi ya vifundo vya vidole vyake ilikuwa imeisha kwa kugonga.

Uchunguzi uliongozwa na mwanamke mrefu mwenye mvi, ambaye jina lake halisi lilikuwa na konsonanti nyingi mno kwa ulimi wa dereva wa Karatu, kwa hiyo madereva wakamwita Mama Spana. Aliwahi kujitolea Tanzania ujanani, Kiswahili chake kilikuwa cha kuchechemea lakini kinafika. Alitaka mtu anayejua Kimaasai, Kiingereza na vyuma. Alimwuliza Simel maswali matatu manne kuhusu vali na mgandamizo wa hewa, akamtazama viatu vilivyolowa.

"Where have you been all this time?"

"Kuosha magari, madam."

"Sasa basi. Tukipata sababu ya ajali, nakuchukua karakana yetu. Injinia. Sio mkalimani."

Usiku huo Simel alikitoa cheti kwenye nailoni, akakiangalia kama mtu anayeangalia picha ya mchumba aliyemtoroka.

Chombo kilihifadhiwa kwenye gereji ya zamani ya magari ya utalii, njia ya kwenda geti la Lodoare, pale ambapo ukungu wa msituni hushuka bila kubisha hodi. Kilikuwa na umbo la kengele, cheusi kwa moto, kirefu kuliko mtu. Mama Spana alimweleza mambo yalivyopaswa kwenda. Chombo kikishatua, vali moja ubavuni, yenye mdomo wa ukubwa wa kikombe cha kahawa, hufunguka, na feni huvuta hewa ya nje. Basi. Rubani angeweza kukaa humo mpaka wamchoshe kwa kuchelewa. Lakini vali ilikuwa imekwama nusu, na feni ilikuwa imeungua kwa kuvuta kisichovutika.

"Hii vali," Mama Spana alinong'ona, kana kwamba chombo kingesikia, "niliifunga mimi. Mikono hii. And he was my friend, Simel. Nataka kujua kama nimemuua."

Simu yake ikaita. Akatoka nje kutafuta mtandao.

Simel akamulika tochi ndani ya ile vali. Nyuma kabisa, pale ambapo macho ya watu yalikuwa hayajafika, kulikuwa na rangi ya kijani. Akaingiza kibanio, akavuta taratibu. Likatoka shada dogo la nyasi, limekunjwa katikati na kufungwa fundo. Limekaa humo wiki na wiki. Lilikuwa bichi. Lilikuwa na umande.

Lakini kilichomshtua kilikuwa lile fundo. Lilizunguka kinyume. Mafundo ya watu hayazunguki vile, ila la mtu mmoja tu: bibi yake, Koko Nailantei wa Endulen, ambaye gumba lake la kulia liliondoka na fisi utotoni, na tangu hapo hufunga kila kitu kwa mkono wa kushoto, kwa namna yake mwenyewe. Siku Simel anaondoka kwenda chuo, Koko alimfungia majani kama yale kwenye mkanda wa begi. Kwa Wamaasai majani mabichi ni amani. Unayashika unapoomba usidhuriwe. Unayatoa unapobariki.

Hatua zikasikika kwenye kokoto. Mkono wa Simel ukaingia mfukoni kabla akili haijaulizwa.

"Umeona kitu?"

"Hapana, madam. Clean." Akasikia ulimi wake ukiendelea peke yake. "Labda springi. Labda ilikuwa dhaifu."

Mama Spana aliinamisha kichwa. Alikuwa anatikisa kichwa polepole, kukubali, kama mtu anayepokea taarifa ya msiba aliyokuwa akiisubiri.

Na kutoka ndani ya chombo, kilichokuwa wazi na kitupu mbele yao, mtu akagonga.

Simel peke yake ndiye aliyegeuka.

Kesho yake alipanda Land Cruiser la abiria mpaka Endulen. Koko alikuwa ameketi mlangoni anatunga shanga, shuka lake begani. Simel aliinama kama mtoto, bibi akamgusa utosini.

"Sopai, Simel."

"Epa, Koko."

Wakaongea Kimaasai. Alipomwuliza habari za kile kitu cha parachuti jekundu, uso wa bibi ulichangamka. Watu wote walikimbia, alisema. Walidhani Enkai, Mungu, amekasirika, maana kilishuka chekundu. Yeye miguu haikimbii tena, akaenda kukiona. Kilikuwa kinapumua. Kilikuwa na kitundu ubavuni, kinavuta hewa kama ndama aliyezaliwa kabla ya siku zake. Na ndani yake kulikuwa na kiumbe kinagonga kwa nguvu.

"Nikajua kinaogopa," Koko alisema. "Nikakiambia, hapa ni kwa watu wa amani. Nikachuma majani, nikayafunga, nikayaweka mdomoni mwake yasianguke. Yakavutwa ndani. Nikaimba kidogo. Alikuwa anagonga, anagonga. Nilimpa majani, akatulia."

Ng'ombe walikuwa wanarudi. Kengele zao zilikuwa zinalia mbali.

"Na huyo aliyekuwa ndani," bibi aliuliza, "alifika kwao?"

Pale ndipo palikuwa pa kusema. Simel alimtazama yule mwanamke aliyeuza mbuzi zake mmoja mmoja ili yeye asome jinsi hewa inavyopita kwenye vali. Wangemwandika dunia nzima. Bibi wa Kimaasai aua mtu wa angani. Wangekuja na kamera, wangekuja na pingu.

"Alifika, Koko."

"Enkai asifiwe," alisema bibi, na akamtemea mate ya baraka kwenye kiganja.

Huo ndio ulikuwa upande wa huruma. Upande mwingine Simel hakumwambia mtu. Ripoti iliandikwa: springi dhaifu ya vali, kosa la ufungaji. Mama Spana aliisaini mwenyewe, chini ya jina lake mwenyewe. Kisha akamwambia Simel kwamba jicho lake kwenye springi ndilo lililofungua njia, na kwamba barua yake ya kazi inakuja. Kazi! Aliyoililia miaka mitatu. Ilikuwa imeletwa mgongoni mwa mwanamke asiye na kosa, na ukweli ulikuwa mfukoni mwa suruali yake, mbichi, unalowesha kitambaa.

Alijaribu kulitupa lile fundo. Alilitupa chooni. Kesho yake lilikuwa mfukoni.

Ugongaji ukaanza kumfuata. Haukutoka nje kamwe. Ulitoka ndani ya vitu vilivyofungwa. Ndani ya sanduku. Ndani ya simtanki la maji. Chini ya boneti la gari ambalo halijawashwa tangu juzi. Mfululizo, kisha kimya, kisha mfululizo. Alipofungua hakukuta mtu. Alikuta majani machache mabichi, na kila mara alipoyaona, pumzi yake ilipungua kidogo, kama mtu anayenyang'anywa mkopo wa hewa. Jiko la gesi likawa linazimika lenyewe chumbani kwake. Kwa majirani liliwaka.

"Injinia," Brigita alimwambia asubuhi moja, na safari hii hakuwa anatania, "mwambie mgeni wako aache kugonga."

"Sina mgeni, mama."

Brigita alijifanyia ishara ya msalaba kwa mkono wenye unga. "Basi nani aliyekuwa anagonga mlango wako kutoka ndani, wakati wewe umekaa hapa unakula chapati zangu?"

Simel akajifunza sheria moja: usifungue. Ukigongewa, ziba masikio. Usipofungua, kunatulia.

Siku ambayo wachunguzi wengine walitangulia Arusha na makasha yao, Simel aliamka ameamua. Aliweka fundo mfukoni, akaenda gereji kwa miguu. Angemwambia Mama Spana kila kitu, kazi ipotee, liwalo na liwe. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Madereva walikuwa wamewasha taa saa nne ya asubuhi.

Mama Spana alikuwa peke yake, amevaa ovaroli. Macho yake yalikuwa mekundu. Kabla Simel hajafungua mdomo, alimshika mkono.

"Nimefunga springi mpya. Nzuri. Nimeweka feni nyingine, nimeiunga kwenye betri ya gari. Nataka kukaa ndani kidogo, mlango umefungwa. I need to feel it. Kama springi ingekuwa nzima, angepumua au hapana?"

"Madam, kwanza nina..."

"Baadaye. Please. Ule mpini wa ndani wamechukua kupima, kwa hiyo mimi siwezi kufungua. Wewe kaa hapa. Nikigonga, fungua."

"Madam."

"Asante, Simel. Wewe peke yako umeniambia ukweli."

Hilo ndilo lililomfunga kinywa. Angetukanwa angesema. Alishukuriwa, akanyamaza. Mama Spana akaingia, akajikunja kwenye kiti cha rafiki yake. Simel akasukuma mlango. Akazungusha komeo.

Feni ikaanza kuvuma. Vali ikapumua. Vizuri. Laini. Akaisogelea, akasikia hewa inavyoingia, akasema moyoni, akitoka tu namwambia.

Ukungu ukaingia gerejini.

Uliingia chini ya mlango, ukapanda kwenye kuta, ukafunika taa. Simel hakuona tena chombo. Aliona weusi tu mahali kilipokuwa.

Kukagongwa.

Ndani ya pipa la oili. Akageuka. Kukagongwa ndani ya boneti la gari. Kukagongwa kwenye sanduku la spana, kwenye kabati la chuma, kwenye dumu lililofungwa. Kila kilichofungwa kilikuwa na mtu ndani. Wote wanagonga. Mfululizo. Kimya. Mfululizo.

"Nisamehe," Simel alinong'ona. "Nisamehe, kaka. Hakujua. Bibi hakujua."

Wakazidi.

Akaziba masikio. Akachuchumaa. Usifungue. Ukifungua ni majani tu. Usifungue.

Halafu pipa likanyamaza. Boneti likanyamaza. Kabati. Dumu. Kukabaki sehemu moja tu inayogonga, mbele yake, kwa nguvu, kwa haraka, kwa viganja na kwa miguu. Na Simel, BSc, honours, akasema: huu ndio mtego wenyewe.

Akabana masikio zaidi.

Kukapungua.

Kukawa kama kidole kinakwaruza.

Kukatulia.

Alipumua. Alishukuru. Kwa mara ya kwanza tangu aingize mkono mfukoni siku ile, pumzi yake ilimjaa kifuani yote. Na ni ile pumzi iliyomkumbusha.

Hakusikia feni.

Akapeleka mkono mfukoni. Mfuko ulikuwa mkavu. Mfuko ulikuwa mtupu.

Alipofungua, Mama Spana alikuwa ameegemea mlango, akamwangukia mikononi kama mtu aliyekuwa akisubiri kukumbatiwa. Alikuwa bado na joto. Simel alimlaza chini, akambana kifua, akampulizia hewa, akapiga kelele mpaka walinzi wa jirani wakaja wakikimbia. Lakini kabla hawajafika, alikuwa ameinama kwenye vali. Majani yalikuwa pale. Shada limekunjwa katikati, limevutwa mpaka ndani, fundo linazunguka kinyume.

Na mkono wake, ule ule, ukalichomoa na kuliweka mfukoni. Kwa mara ya pili.

Waliosikiliza maelezo yake waliandika kwamba springi mpya nayo ilikuwa mbovu. Walimpa pole. Walisema ana bahati mbaya, kijana mwenye akili vile.

Barua ya kazi ilifika baada ya mazishi ya huko ng'ambo. Ilikuwa na saini ya Mama Spana, aliyoitia kabla hajafa. Simel aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaenda Endulen. Safari hii alikuwa amekula kiapo kwamba bibi atajua.

Koko alikuwa mahali pale pale, anatunga shanga. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya kijani mpaka kwenye kucha.

"Umekonda," alisema.

"Koko. Nimekuja kukuambia jambo. Yule wa kwenye kile kitu, siku ile..."

"Alikuja mwenzake," bibi alisema, macho kwenye shanga. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumzia mvua. "Asubuhi ile ya ukungu. Nilikuwa hapa hapa nimeketi. Nikamsikia anagonga. Huyu alikuwa mwanamke. Aligonga sana kuliko yule wa kwanza, maskini, alikuwa na mwito ndani yake, anamwita mtu afungue. Hakuna aliyefungua."

Kengele za ng'ombe zilikuwa kimya. Upepo ulikuwa kimya.

"Nilimpa majani," alisema Koko Nailantei. "Akatulia."

Koko hakuwahi kutoka Endulen. Hakuwa na simu. Na ile habari ya kugonga, Simel hakumwambia mtu yeyote aliye hai.

"Alifika kwao?" bibi aliuliza.

Ulikuwa wakati wa kusema. Ulikuwa wa mwisho. Alifungua mdomo, akasikia lile neno likitoka lenyewe, kama lilivyotoka mara ya kwanza.

"Alifika, Koko."

Bibi akatabasamu. Akanyoosha mkono wake usio na gumba, akampapasa shavuni.

"Na wewe ukianza kugonga, mjukuu wangu," alinong'ona, "usiogope. Nipo."

Yaliyobaki yanasimuliwa na wapangaji wa Brigita. Wanasema Simel alirudi Karatu mchana kweupe, akawasalimu wote, akaingia chumbani, akafunga. Baada ya muda wakasikia anagonga mlango kutoka ndani. Brigita akafoka kutoka barazani: "Injinia, ufunguo si unao wewe? Fungua!" Akaendelea kugonga. Wakacheka. Kisha hawakucheka. Walipomwita Fabian fundi aje avunje kitasa, ugongaji ulikuwa umeshatulia.

Chumba kilikuwa kitupu. Dirisha lina nondo, zote nzima. Kitanda kimetandikwa, cheti kiko kwenye nailoni yake, na barua ya kazi iko juu ya mto. Ufunguo ulikuwa sakafuni, maana kwenye tundu la kitasa, kwa upande wa ndani, kulikuwa kumechomekwa nyasi zilizofungwa fundo.

Brigita alizitoa kwa kibanio cha mkaa, akazichoma, akamleta padri. Chumba hicho hakijapangishwa tena. Sasa ni kiangazi, Karatu yote imekauka, mbuzi wanakula maboksi. Lakini kila asubuhi, Brigita akipita na ndoo yake, hulikuta tundu la ule mlango limezibwa kutoka ndani kwa majani mabichi, yenye umande, na fundo lake linazunguka kinyume.